Likizo Iliyoletwa na Uhaba wa Makaa

Kuna likizo moja ya shule kule Ulaya ya kaskazini ambayo haikuletwa na sikukuu ya dini, wala mavuno, wala mitihani. Ililetwa na boila. Naongelea lile tanuri kubwa linalokaa chini ya jengo la shule, linalochemsha maji yanayopanda kwenye vyuma vya ukutani ili watoto wasigande kama samaki wa feri. Mwaka 1940, nchini Uswidi, shule zilianza kufungwa kwa wiki 1 katikati ya majira ya baridi ili moto wa boila upunguzwe na makaa yaokolewe. Walimu wakaenda makwao, watoto wakaenda makwao, na nyuma yao likabaki swali: sasa hawa watoto tuwape nini cha kufanya?

Wadau, hilo swali ndilo nataka tuliongee leo. Lina zaidi ya miaka 80 na bado lina watu wanaolilipia.

Mimi nililetewa na dada mmoja rafiki yangu, Mtanzania mwenzetu anayeishi Göteborg. Kila Februari ikikaribia lazima apige simu. "Mdogo wangu, wanafunga tena shule. Wiki nzima! Giza linaingia saa 11 jioni, mimi niko kazini, na hawa 2 wako ndani na simu zao. Wenzao wote wanaenda milimani." Nikamuuliza, kwani hiyo likizo ni ya nini hasa? Akasema, "Ya michezo. Inaitwa hivyo hivyo, likizo ya michezo." Waswidi wanaiita sportlov. Nami kwa ugonjwa wangu wa kutaka kujua kila kitu kimetoka wapi, nikaanza kuchimba. Nikakuta kwamba michezo ilikuja baadaye. Jina la mwanzo ambalo watu waliitania nalo ni kokslov, yaani likizo ya koksi.

Koksi ni nini? Ni makaa ya mawe yaliyookwa kwanza bila hewa mpaka moshi na lami vikatoka. Kinachobaki ni kigumu, kinawaka kwa joto kali na hakina moshi mwingi, kwa hiyo kinafaa sana mjini. Uswidi ina misitu isiyo na mwisho, ina mito ya kuzalisha umeme, ina chuma cha kumwaga, lakini makaa ya mawe karibu haina. Hadi kufikia miaka ya 1930 majengo makubwa ya mijini, zikiwemo shule, yalikuwa yamehama kutoka jiko la kuni la kila chumba kwenda kwenye boila moja la jengo zima. Maendeleo hayo. Ila chakula cha boila hilo kilikuwa kinakuja kwa meli, sehemu kubwa kutoka Uingereza na Polandi.

Septemba 1939 Ujerumani ikaivamia Polandi. Bahari ya Kaskazini ikajaa mabomu ya majini na nyambizi. Na kama vile Mungu alikuwa anawapima, majira ya baridi ya 1939–40 yalikuwa makali kupita kiasi, na yaliyofuata yakawa makali, na ya 1941–42 nayo vilevile. Mitatu mfululizo! Sehemu kubwa ya Bahari ya Baltiki iliganda. Sisi watu wa Dar, ambao usiku wa Julai ukiwa na kaubaridi kidogo tu tunatoa masweta kabatini, baridi ya namna hiyo tuiache kama ilivyo, tusijifanye tunaielewa.

Halafu ikaja tarehe 9 Aprili 1940. Ujerumani ikazivamia Denmaki na Norwei siku moja. Ukiangalia ramani utaona maana yake: mlango wa Uswidi wa kutokea baharini upande wa magharibi ukafungwa. Nchi haikuwa vitani, ilijitangaza haiegemei upande wowote, lakini sasa makaa yangeweza kutoka mahali pamoja tu pa maana, nako ni kwa Wajerumani wenyewe. Malipo yake yalijulikana. Ni chuma kutoka migodi ya Kiruna na Gällivare kule kaskazini. Chuma hicho wakati wa kiangazi kilipita bandari ya Luleå, na baridi ikiigandisha Luleå kilipitia Narvik, nchini Norwei, ambako bahari haigandi. Narvik ni mojawapo ya sababu Hitler aliitaka Norwei. Kwa hiyo, ukitaka kuwa mkali na historia, joto la darasa la Stockholm kwenye miaka ile lilinunuliwa kwa chuma kilichokwenda kutengeneza silaha. Waswidi wenyewe wamebishana juu ya biashara hiyo tangu vita vimalizike na sidhani kama wamemaliza.

Nyumbani kwao watu wakaanza kubana kila kitu. Kahawa kwa mgao, mkate kwa mgao. Maji ya moto kwenye majengo ya ghorofa yakawekewa siku zake. Petroli ilipokosekana magari yakafungwa matanuri ya kuni nyuma, kuni zikitoa gesi na gesi ikiendesha injini. Maelfu kwa maelfu ya magari yalitembea hivyo. Kwenye barabara pana za Stockholm, kama Narvavägen, zilirundikwa kuni mpaka zikawa kuta ndefu zinazopita vichwa vya watu. Picha zake zipo. Mtu akikuonyesha bila maelezo utadhani mji umejizungushia boma.

Katika hesabu hiyo ya kubana, shule ilikuwa windo rahisi. Ni jengo kubwa, dari zake ziko juu, madirisha yake mapana, na wanaokaa humo hawapigi kura. Nyumba za watu zilikuwa lazima zipashwe moto hata hivyo, watoto wawepo au wasiwepo. Ukifunga shule wiki 1 kwenye kipindi kibaya kabisa cha baridi, unaokoa mafuta bila kumnyima mtu pa kulala. Kwa karatasi ni hesabu safi.

Ila kuna kitu hesabu hiyo haikukionyesha. Mtoto akitolewa darasani hatoweki. Anahamia kwa mtu. Na mwaka 1940 mtu huyo alikuwa nani? Baada ya Aprili mamia ya maelfu ya wanaume wa Uswidi waliitwa jeshini kulinda mipaka. Baba yuko kambini mahali ambapo barua haziruhusiwi kupataja. Mama yuko peke yake na kadi za mgao, pengine anafanya kazi kiwandani kwenye nafasi iliyoachwa na mwanamume. Kwenye madarasa mengine walikuwepo pia watoto wa Kifini, maana katika miaka yote ya vita watoto takriban 70,000 walivushwa kutoka Ufini kwenda kuhifadhiwa Uswidi, wakiwa na kadi za majina shingoni. Sasa mwongezee mama huyo wiki nzima ya watoto ndani ya nyumba ambayo nayo haina joto la kutosha.

Hapo ndipo michezo ilipoingia. Ili watoto wasikae bure, wakaandaliwa shughuli za nje: ski kwenye bustani na misitu ya pembezoni mwa mji, kuserereka kwa sleji kwenye vilima, kuteleza kwenye barafu. Ukitaka uwanja wa barafu Uswidi huhitaji utajiri. Unachukua uwanja wa mpira au kiwanja cha shule, unaumwagia maji kwa mpira wa bustani usiku, tabaka juu ya tabaka, na asubuhi kimeshaganda. Baridi iliyokufungia shule inakutengenezea kiwanja bila kukudai hata senti.

Na hawakuanza kutoka sifuri, jambo ambalo nimelipenda. Chama cha kueneza ski nchini humo kilikuwepo tangu 1892. Yale mashindano maarufu ya Vasaloppet, ambayo watu wanakwenda kilomita 90 kwa ski, yalikuwa yanafanyika tangu 1922. Kutembea, kuteleza na kutoka jasho nje lilikuwa tayari ni jambo la heshima, karibu la kizalendo. Mwezi Mei 1941 Uswidi na Ufini zilishindana kutembea. Nchi nzima kwa nchi nzima! Kila raia aliyemaliza umbali uliowekwa ndani ya muda aliongeza pointi za taifa lake. Waswidi waliomaliza walikuwa takriban 940,000. Wafini, ambao idadi yao ni ndogo kuliko Waswidi, wakatoa zaidi ya milioni 1 na nusu na kuwafunga vibaya. Mtu anayeishi kwenye hewa ya namna hiyo, ukimwambia watoto hawana la kufanya wiki ijayo, jibu lake liko tayari mdomoni: watoke nje.

Sasa linganisha na likizo nyingine ya huko huko. Waswidi wana likizo fupi ya majira ya vuli, mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Zamani iliitwa potatislov, likizo ya viazi, kwa sababu watoto waliachiwa wakasaidie kuvuna viazi. Wasomaji waliokulia kijijini wanaijua hiyo bila kuelezwa. Ni shule ngapi kwetu zimewahi kupungukiwa watoto msimu wa mavuno? Kwenye likizo ya viazi mtoto anatakiwa: mikono yake ina kazi, jioni anakuja na udongo kwenye kucha na amelala kabla ya saa 2. Hakuna mtu aliyeuliza atafanya nini. Kwenye likizo ya koksi mtoto hatakiwi popote. Shuleni anakula makaa, mtaani anazurura, nyumbani anachosha. Kwa maoni yangu swali letu la "watoto tuwape nini cha kufanya" lilizaliwa hapo hasa, siku mtoto wa mjini alipoacha kuwa mfanyakazi na kuwa mtu wa kushughulishwa. (Ile ya vuli nayo imebadilishwa jina tena: tangu katikati ya miaka ya 2010 inapigiwa debe kuwa likizo ya kusoma vitabu. Kutoka viazi hadi vitabu. Sijui mtoto aliulizwa wapi katika haya yote.)

Vita viliisha 1945. Meli za makaa zikarudi. Kwa mantiki ya kawaida likizo ya koksi ingekufa pamoja na kadi za mgao. Haikufa. Watu walikuwa wameshaizoea, na kitu kikishazoeleka kinajitafutia sababu mpya. Katika miaka ya 1950 sababu ikawa afya: Februari ni mwezi wa mafua na homa, na ukiwatawanya watoto kwa wiki 1 huenda maambukizi yakapungua. Jina la michezo likashika, la koksi likabaki kwa wazee. Halafu ikaja sababu iliyo kubwa kuliko zote, ambayo haikuandikwa kwenye waraka wowote wa vita, nayo ni milima.

Familia za Uswidi zilipata magari. Zilipata mishahara mizuri. Sehemu kama Sälen na Åre zikajengwa lifti za kupandisha watu mlimani na vibanda vya kupangisha. Miaka ya 1970 akatokea kijana mkimya wa kijiji cha Tärnaby, Ingemar Stenmark, akaanza kushinda mashindano ya kuteremka mlima mpaka akafikisha ushindi 86 wa Kombe la Dunia. Waswidi wa rika lake watakusimulia jinsi masomo yalivyosimamishwa darasani ili watu wamwangalie kwenye televisheni. Rekodi yake ilidumu mpaka Machi 2023, alipoivunja Mmarekani Mikaela Shiffrin, na aliivunja Åre, kwenye ardhi ya Waswidi wenyewe. Baada ya Stenmark, ski kwa mtoto wa Kiswidi haikuwa tena zile mbao 2 za kutembelea msituni nyuma ya nyumba. Ikawa kuteremka kwa kasi, na kuteremka kunataka mlima, mlima unataka lifti, lifti inataka tiketi.

Hata kalenda ikajipanga kufuata milima. Uswidi haifungi shule zote wiki moja. Göteborg wanafunga wiki ya 7 ya mwaka, kusini kwenye wiki ya 8, Stockholm ya 9, kaskazini ya 10. Mwenye hoteli wa Sälen ana sababu zote za kuupenda mpangilio huo: badala ya wiki 1 ya wateja anapata mwezi mzima. Koksi hakuna tena, majengo mengi ya mijini sasa yanapashwa moto kwa mabomba ya pamoja ya jiji, na shule ikifungwa wiki ya 7 sijasikia mtu akihesabu mafuta yaliyookolewa. Wanaohesabu siku hizi wako upande wa vibanda na lifti.

Wasidhani Waswidi wako peke yao. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipofunga koki, Austria ilifanya jambo lile lile. Kila mwenye gari alilazimika kuchagua siku 1 ya wiki ambayo hataendesha, na kibandiko cha siku hiyo akakibandika kwenye kioo cha mbele. Februari 1974 shule zikafungwa wiki 1 ili kuokoa mafuta ya kupashia madarasa joto, na likizo ikaitwa waziwazi likizo ya nishati. Mafuta yakarudi. Vibandiko vikabanduliwa. Likizo? Iko mpaka leo, imebadilishwa jina kuwa likizo ya muhula, imegawanywa kwa mikoa ili hoteli zisizidiwe, na ukimwambia Mwaustria aifute utakuwa umegusa biashara ya milima yote ya Alps upande wake. Nchi 2, vita 1 na mgogoro 1 wa mafuta, na mwisho ule ule.

Austria hiyo hiyo inatuhusu kwa njia nyingine. Sabrina Simader alizaliwa mwaka 1998 Kilifi, pwani ya Kenya, akahamia Austria na mama yake akiwa na miaka 3. Baba yake wa kambo alikuwa na lifti ya ski, basi akajifunza kuteremka mlima kama wenzake wa Kilifi walivyokuwa wanajifunza kuogelea. Mwaka 2018, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika ski ya kuteremka. Kabla yake kulikuwa na Philip Boit, yule mkimbiaji wa Kenya aliyejifunzia ski Ufini na kushiriki Nagano mwaka 1998. Nawapenda wote wawili. Lakini soma tena ile sentensi ya lifti. Mtoto wa Kilifi aliweza kwa sababu lifti ilikuwa ya nyumbani. Mtoto wa dada yangu wa Göteborg yeye lifti anaiona kwenye picha za wenzake.

Na hapa ndipo historia inaponikera kidogo. Mwaka 1940 nchi ilipomtoa mtoto darasani, ilitambua kwamba imemtwisha mama mzigo, ikajaribu kuubeba pamoja naye: viwanja vikamwagiwa maji, vilabu vikatoa watu wa kufundisha, shughuli zikawa karibu na nyumbani. Taratibu, bila mtu kutangaza, mzigo ukateremshwa kwa mzazi mmoja mmoja. Likizo ilibaki ya umma, starehe yake ikawa ya mfuko wako. Kuna msemo wanaoupenda sana Waswidi kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Msemo mzuri, wenye uchangamfu. Mwambie mzazi mwenye watoto 3 wanaokua, anayelipia suruali ya theluji, koti, buti, glavu jozi 2 kwa sababu moja lazima ipotee, na mwaka ujao hakuna hata kimoja kinachowatosha. Nguo nzuri ni pesa. Hapo bado hujagusa ski wala kofia ngumu, hujapangisha kibanda, na tiketi ya lifti ni ya kila siku.

Kuna Waswahili wengi huko, Watanzania na Wakenya, Warundi, Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi kabla ya kupokelewa. Wengi wanafanya kazi za zamu kwenye hospitali, nyumba za wazee, mabasi, usafi. Wiki ya 7 haisimamishi zamu. Ni kweli kwamba watoto wadogo, mpaka kufikia miaka 13, wanaweza kupelekwa kwenye vituo vya baada ya masomo ambavyo huwa wazi hata likizoni, na hiyo ni huduma ambayo sisi tungeitamani. Lakini Jumatatu ya kurudi shule inakuja, na pamoja nayo yale maswali ya kawaida ya darasani: ulikwenda wapi, uliteleza mlima gani? Mtoto mkubwa wa rafiki yangu alijibu mwaka mmoja kwamba alikwenda Sälen. Hajawahi kufika. Mama yake alijua walipoanza kuulizwa na mama mwenzake kibanda chao kilikuwa upande gani.

Ufaransa ilijaribu njia nyingine, na nadhani ilistahili kusikika zaidi. Vanves ni kitongoji kilichoshikana na Paris upande wa kusini. Mwaka 1950 daktari mmoja, Max Fourestier, alianzisha jaribio kwenye shule ya msingi huko: asubuhi masomo, mchana mwili, yaani michezo na hewa safi, kwa mwaka mzima. Mwaka 1953 wakaenda mbele zaidi. Wakalichukua darasa zima, na mwalimu wao, na madaftari yao, wakalipeleka milimani Savoie. Asubuhi hesabu na imla, mchana ski. Hilo ndilo darasa la theluji la kwanza, na baadaye madarasa ya namna hiyo yalienea nchi nzima. Fourestier alianza na mwili wa mtoto, hakuanza na tanuri. Na kwa kuwa lililokwenda mlimani ni darasa, mtoto wa fundi bomba na mtoto wa wakili walipanda basi moja. Siku hizi likizo ya baridi ya Wafaransa nayo imegawanywa kwa kanda 3, A, B na C, na hapo hoteli nazo zinafurahi kama za Sälen.

Theluji yenyewe nayo imeanza kuwa na mambo yake. Kusini mwa Uswidi, Göteborg ikiwemo, wiki ya 7 mara nyingi ni mvua na tope. Ukitaka barafu ya kuaminika unakwenda kwenye uwanja wenye mitambo ya kugandisha, kama ule wa Ruddalen, ambao umeme unafanya kazi iliyokuwa inafanywa bure na baridi ya 1940. Likizo iliyobuniwa kuokoa nishati sasa inaila. Wala tusidhani ile hesabu ya zamani imezikwa. Vuli ya 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi, Chuo Kikuu cha Strasbourg kilitangaza kurefusha likizo yake ya Krismasi kwa wiki 1 ili kuokoa nishati. Wanafunzi wa chuo ni watu wazima, watajua pa kwenda. Ila niliposoma habari ile nilijiuliza waziri gani mahali fulani alikuwa anaangalia orodha ya shule za msingi na kupiga kikokotoo.

Kitu kilichonirudishia moyo ni kidogo na hakina mbwembwe. Mwaka 2013, katika kijiji cha Deje, mkoa wa Värmland, ilifunguliwa maktaba isiyo na vitabu. Inaitwa Fritidsbanken, benki ya muda wa mapumziko. Watu wanaleta vifaa vya michezo ambavyo watoto wao wamevipita kimo: ski, sleji, viatu vya kutelezea barafuni, kofia ngumu, mipira. Mtu yeyote anakuja kuazima, siku 14, bila kulipa chochote, na haulizwi mshahara wake. Hilo la mwisho ndilo lenye akili, kwa sababu tajiri na maskini wanapanga foleni moja na hakuna anayejulikana amefuata nini. Sasa matawi yamepita 100 nchini kote.

Nilimtumia dada yangu habari hizo. Kwanza alikataa, akasema yeye hapendi vya kuombaomba. Nikamwambia si kuomba, ni maktaba, na wewe maktaba ya vitabu mbona unaenda? Akanyamaza. Wiki ya 7 iliyofuata akaenda na watoto, wakatoka na viatu vya kutelezea jozi 3, maana na yeye alijaribiwa. Jumanne wakaenda Ruddalen. Ananiambia mkubwa alianguka mara nyingi mpaka akaacha kuona aibu, mdogo alikuwa anashikilia kiti kama bibi anayejifunza baiskeli, na yeye mama mtu alizunguka uwanja mara 1 kwa dakika 20 akiwa ameng'ang'ania ukuta. Walikuwa na machungwa na chupa ya chai ya tangawizi, wakati wenzao wanakunywa kakao. Jioni watoto walilala saa 2 bila kuambiwa.

Vifaa walirudisha siku ya 13. Mdogo alitaka kujua kama vile viatu vyake wataviwekea alama, ili mwakani asipewe mtu mwingine.